Haja Isiyongoja

Siku Mwanarusi binti Matano alipotoka mbio chumba cha kuoshea maiti, wanawake waliokuwa wameketi mkekani ukumbini walimpisha wakidhani uchungu wa msiba umemzidi. Maiti aliyekuwa akioshwa alikuwa mamake mdogo, kwa hivyo hakuna aliyeona ajabu. Mmoja alimshika mkono akamwambia, "Pole mwanangu, shusha pumzi." Mwanarusi akauchomoa mkono wake, akazunguka nyuma ya nyumba, akaingia chooni na kufunga mlango. Alikuwa amechelewa. Mkojo ulikwisha kumtangulia, ukateremka mguuni mpaka kwenye kandambili, na leso aliyojifunga ilikuwa imelowa.

Alisimama mle ndani kwa muda, akisikia kata ikichota na kumimina upande wa pili wa ukuta. Bi Shutu, mwenzake ambaye Mwanarusi alimwacha peke yake na maiti, alikuwa akiendelea na kazi. Wawili hao walikuwa wakiosha pamoja tangu Mwanarusi hajaota mvi hata moja. Pale Msambweni, kuanzia Milalani mpaka Mkunguni, mwanamke akifariki ni wao waliotumiwa ujumbe: Bi Shutu hushika sabuni na pamba, Mwanarusi humimina maji ya mkunazi polepole, bila ya kumrushia marehemu wala kumshtua, kama vile bado anasikia. Kazi hiyo haikuwa na ujira wa duniani, lakini ilimpa mahali pa kukaa katika mji. Watu walipomwona njiani waliteremsha sauti.

Kilichomtoa mbio siku ile hakikuwa huzuni. Yalikuwa ni yale maji. Kila kata ilipomiminwa, kitu ndani ya tumbo lake kilikaza na kusukuma, na alipojaribu kukizuia kikasukuma zaidi, mpaka akaona ama atoke, ama amwaibishe maiti.

Haja hiyo ya ghafla ilikuwa imeanza miezi kadhaa nyuma, kidogo kidogo. Akitia ufunguo mlangoni, inamjia. Akisikia mvua juu ya mabati, inamjia. Mwanzo alidhani ni baridi ya asubuhi, kisha akadhani ni uzee, ingawa mamake alikufa akiwa mzee kuliko yeye na hakuwahi kuonekana akikimbia. Baada ya msiba ule alipotumiwa ujumbe tena alisema ana homa. Mara iliyofuata akasema magoti. Kisha ikawa hatumiwi.

Bi Shutu alikuja kwake siku moja baada ya swala ya alasiri. Alikunywa chai yote kabla ya kusema lililomleta.

"Mwanarusi, mimi nimekukosea?"

"Hujanikosea, dadangu."

"Maiti unawaogopa?"

"Siwaogopi."

"Basi ni nini?"

"Nimechoka tu."

Bi Shutu alimtazama, akakiweka kikombe chini taratibu, akaaga. Tangu siku hiyo walisalimiana njiani, na salamu zao zilikuwa kamili, hazikupunguzwa neno. Ila Bi Shutu hakuvuka kizingiti cha Mwanarusi tena.

Mwanarusi alikuwa mjane. Mumewe, Dzombo, alikuwa fundi wa kuezeka, na nyumba waliyoijenga pamoja ilikuwa na choo nyuma ya uwanja, hatua chache tu kutoka mlango wa jikoni. Binti yake aliolewa Tanga. Aliyekuwa karibu ni Issa, mwanawe wa kiume, mpishi katika hoteli moja ya Diani, ambaye alipanga chumba Ukunda na mkewe Jacinter, msichana wa Kakamega aliyekutana naye kazini. Jacinter alisilimu kabla ya nikaha na akapewa jina jipya, lakini Ukunda nzima iliendelea kumwita Jacinter, na mwenyewe akaitika.

Baada ya harusi Mwanarusi alikwenda kuwatembelea akalala kwao. Walikaa katika ploti yenye vyumba vilivyopangana pande mbili za ua mrefu, na choo kimoja mwisho wa ua. Asubuhi alikuta foleni. Watu walikuwa na ndoo na miswaki, na ndani ya choo kulikuwa na mwanamume aliyekuwa akiimba bila haraka yoyote. Mwanarusi alisimama akibana mapaja, akahesabu mistari ya saruji, akamwomba Mungu, na yule mwanamume akaanza wimbo mwingine. Aliporudi chumbani alikuwa ameifunga leso yake kinyumenyume. Jacinter alikuwa amepika chapati na maharagwe, amezipanga kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa kipya. Mwanarusi alisema kuku wake wamebaki bila mtu, hana budi kurudi. Hakuonja hata kipande. Njiani mfuko wenye nguo iliyolowa aliupakata mapajani, na kila aliyeketi karibu naye, Mwanarusi alimwona kama anaunusa.

Hakwenda tena. Mtoto alipozaliwa na kufanyiwa akika, alimpeleka mbuzi kwa mkono wa jirani, pamoja na leso ya kumbebea mtoto. Jioni Issa akapiga simu.

"Mama, watu wameniuliza mamako yuko wapi. Mimi niwajibu nini?"

"Wajibu miguu inaniuma."

"Miguu hiyo iliyokwenda shambani jana?"

Mwanarusi akahamishia simu sikio la pili.

"Mama, ukiwa humtaki Jacinter, niambie mimi. Usinizunguke."

"Sijasema simtaki."

"Hujasema. Lakini mtu mzima haambiwi kwa maneno tu."

Angemwambia nini? Mtu hamwambii mwanawe wa kiume kwamba anajikojolea. Maneno yenyewe hakuwa nayo; kila alilolijaribu kichwani lilikuwa la kitoto au la matusi. Akaona ni afadhali mwanawe amdhanie ana moyo mbaya kuliko amjue ana nguo mbichi. Simu zikapungua. Zilipokuja zilikuwa za kuulizana hali na kuagana.

Akajitibu alivyojua. Udogoni mwake Milalani watoto walioga katika mabwawa, na wengi wao walikuwa wakikojoa damu bila ya mtu kushtuka. Alipewa dawa shuleni na damu ikakoma, lakini sasa alijiambia kichocho kile kilikuwa kimelala tu, kikaamka. Alinunua vidonge vya rangi mbili kwenye duka la dawa, akavimeza, akapata nafuu ya siku mbili au alidhani amepata, akavinunua tena. Alichemsha mizizi. Shangazi yake mmoja alimwambia ni ruhani, akafukiziwa ubani na buhuri mpaka macho yakawasha. Na juu ya yote hayo aliacha kunywa maji. Kutwa nzima alikuwa akipitisha kwa chai ya rangi nzito, ya tangawizi, kwa sababu chai ni kidogo na maji ni mengi. Midomo ilimpasuka. Mkojo wake ukawa mchache, wa rangi ya kahawia, unaochoma, na haja ikazidi kumjia. Kila ilipozidi, naye alizidi kukaa na kiu.

Mipaka ya dunia yake ikawa inarudi nyuma. Kwanza aliacha Ukunda. Kisha akaacha darsa za wanawake, kwa sababu msikitini huwezi kumpita mwalimu mara tatu katika somo moja. Kisha sokoni akawa anakwenda mapema, kabla wachuuzi hawajapanga vitu, ili arudi upesi. Mwishowe kulikuwa na nyumba, uwanja, na shamba la muhogo nyuma, na redio ya Dzombo ambayo aliiwasha ili nyumba iwe na mtu anayesema.

Warda alimkuta katika hali hiyo. Alikuwa msichana wa Ukunda, aliyesoma chuo, mwenye baibui lililofifia mabegani kwa kubeba mkoba. Alibisha hodi saa za asubuhi.

"Hodi wenyewe."

"Karibu."

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Kwema huko utokako?"

"Kwema, alhamdulillahi. Naitwa Warda. Tunafanya utafiti kuhusu watu wazima wanaosumbuliwa na haja ndogo ya ghafla, sababu zake na aina zake. Tunapita nyumba kwa nyumba. Si lazima ukubali, na ukikubali, jina lako halitatajwa popote."

Mwanarusi alimtandikia mkeka kivulini, akamkubalia kwa sababu kukataa kungekuwa kama kukiri. Warda akatoa simu kubwa bapa akaanza kuuliza: umri, uzazi, maradhi, dawa. Kisha akauliza kwa sauti ile ile, bila kuipandisha wala kuishusha:

"Je, kuna wakati haja ndogo inakujia ghafla, kwa nguvu, hata ukashindwa kuizuia?"

"La," akasema Mwanarusi. "Mimi sina hayo."

Warda akagusa kioo, akaendelea na swali jingine. Jirani ng'ambo ya ua akafungua bomba kujaza pipa. Mwanarusi aliinuka akasema anaangalia jiko, akapita jikoni moja kwa moja mpaka nyuma. Alirudi, akaketi, akajibu maswali mawili, akainuka tena. Safari hiyo hakusema jiko. Aliporudi Warda alikuwa ametazama upande mwingine, kwenye muhogo.

"Bi Mwanarusi," akasema Warda, "lile swali langu la haja ndogo, nilirudie?"

Pipa la jirani lilikuwa limejaa, bomba likafungwa. Mwanarusi alikunja ncha ya mkeka, akaikunjua.

"Lirudie."

Na lilipoulizwa mara ya pili akasema, "Ndiyo," kisha akaeleza. Alieleza choo cha ploti, na kata ya maji, na mkono wa yule mwanamke aliyemwambia ashushe pumzi. Alizungumza mpaka kivuli kikauacha mkeka, na wote wawili wakabaki juani bila kusogea. Warda hakuandika mengi. Alipoondoka, Mwanarusi alijisikia kama mtu aliyetapika: amechoka, na mahali palipokuwa pazito pamekuwa wazi, lakini si kwamba amepona.

Wiki hiyo alikwenda hospitali, katika chumba ambacho watafiti walikuwa wameazimwa. Alipimwa mkojo, akapimwa damu, akapakwa mafuta baridi tumboni akapigwa picha ya kibofu. Daktari alikuwa mwanamke wa bara, Roselyne, mwenye Kiswahili cha kukatakata lakini cha adabu.

"Mama, mkojo wako ni msafi," akasema. "Hauna vijidudu. Hauna mayai ya kichocho. Sukari hakuna, jiwe hakuna."

Mwanarusi hakufurahi. Alishikwa na hofu. "Basi ni uwongo? Nimejizulia?"

"Hapana. Shida iko, tena ni ya kweli. Sisi ndio tulikuwa tunaiita jina moja." Daktari akavuta kiti karibu. "Watu wengi hapa wananiambia mkojo wa haraka, na wote wanapewa dawa zile zile. Lakini huyu kumbe ana vijidudu. Huyu kichocho. Mwingine ni sukari, mwingine ni vidonge vya presha anavyomeza, mwingine aliwahi kupooza upande. Wanaume wana tezi lao. Na kuna watu kama wewe, ambao kibofu kinajikaza chenyewe kabla hakijajaa. Kinakudanganya, kinakuambia kimejaa na hakijajaa."

"Na kwa nini kinidanganye mimi?"

"Umezaa, umefika umri wa kukoma hedhi, misuli ya chini imelegea. Chai kali inakichokoza. Na kiu unayokaa nayo inaufanya mkojo uwe mkali, unakichoma. Lakini sababu yenyewe ya kwanza kwa kila mtu hatuijui. Ndiyo maana tunauliza." Akageuza karatasi. "Kuna jambo lingine tunalotafuta. Wengine wanakimbia chooni kwa sababu inauma. Wengine wanakimbia kwa sababu wanaogopa kulowa, hata kabla haja haijafika. Wewe ni yupi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza Mwanarusi swali la namna hiyo. Alilifikiria kwa haki.

"Mwanzo ilikuwa kibofu," akasema. "Siku hizi nafikiri ni hofu nusu."

Daktari aliitikia kwa kichwa, wala hakumwambia asiogope.

Waliitwa tena kwenye kikao cha wanawake. Viti vilipangwa duara, na cha kuchekesha ni kwamba kila aliyeingia alitaka kiti cha karibu na mlango. Waliochelewa walisimama wakitazama vile vya ndani kama mtu anayeambiwa aingie kisimani. Mwishowe Warda akauhamisha mduara wote mpaka barazani. Wakasema mmoja mmoja. Mmoja wa Jego alikuwa ameacha shamba la mpunga kwa sababu liko wazi pande zote. Mwingine, mrefu, mwenye sauti nzito, alijitaja kuwa ni Ummi wa Mkwiro, kwenye ncha ya kisiwa cha Wasini.

"Mimi nimeacha kuvuka," akasema. "Ndani ya boti utajisitiri wapi? Umezungukwa na macho na maji. Ndugu yangu ameoa Vanga, sikwenda. Leo nimevuka kwa kuwa tangu jana sijatia tone kinywani."

Kikao kilipomalizika Mwanarusi alimpelekea chupa ya maji. Ummi akaishika bila kuifungua.

"Na wewe umeacha nini?" akauliza.

"Maiti."

Akamweleza. Ummi hakucheka. "Hiyo ni kubwa kuliko harusi," akasema. Kisha akaitwa, gari la kuwarudisha watu wa Shimoni lilikuwa linaondoka na boti haingojei mtu. Hawakupeana nambari za simu. Mwanarusi alibaki barazani akitazama viti vikikusanywa, na kule nyumbani redio ilikuwa haijawashwa.

Alipewa mazoezi badala ya vidonge. Akaze misuli ya chini kama mtu anayezuia haja, aiachie, akaze tena. Haja ikimjia asikimbie. Aketi kwenye ukingo wa kiti, akaze, avute pumzi, aingoje ipite, kisha ndipo aende kwa mwendo wake. Achelewe kidogo tu, na wiki ijayo achelewe kidogo zaidi. Anywe maji. Hilo la maji ndilo lililomtisha kuliko yote. Bilauri ya kwanza aliinywa amesimama mlangoni, uso umeelekea chooni.

Alishindwa mara nyingi. Kulikuwa na siku alizofua leso mbili kabla ya adhuhuri, akaziangalia kambani na kuona kwamba hata kupona kwenyewe ni kazi ya mtu aliye peke yake, kwa maana hakuna wa kumsimulia kwamba leo ameketi mpaka haja ikapita. Alimsimulia kuku mmoja, akajisikia mpumbavu, akaingia ndani. Lakini siku zilipita, mkojo wa kahawia ukawa wa manjano, midomo ikafunga. Mvua ikanyesha juu ya mabati mchana kutwa naye akakaa anachambua mchele.

Alipoona anaweza, alikwenda kwa Bi Shutu. Alimkuta akipepeta. Alimweleza yote, safari hii kwa maneno aliyoyapata kwa Warda na kwa daktari, yasiyo ya kitoto wala ya matusi. Bi Shutu aliweka ungo chini.

"Miaka yote hii nikajua umeniona sifai," akasema.

"Niliona haya."

"Kwangu mimi? Mimi na wewe tumeshika mangapi kwa mikono hii?" Akaokota punje moja ya chuya mkekani. "Nafasi yako ameishika Kadzo, mke wa fundi cherehani. Namfundisha. Ameshazoea, na watu wamemzoea. Siwezi kumwambia aondoke."

"Sikuja kumwondoa."

"Najua. Siku akiumwa nitakutumia."

Bi Shutu akanywa chai, na Mwanarusi akaomba maji badala yake. Walicheka kidogo juu ya jambo la zamani. Lakini alipokuwa akirudi aliona kwamba pengo alilokuwa akililia lilikwisha kuzibwa, na lilizibwa vizuri, na hakuna aliyemfanyia ubaya.

Ukunda alikwenda mwishoni mwa mwezi. Issa alikuwa kazini. Jacinter alifungua mlango akasimama nao nusu wazi, na nyuma ya miguu yake mtoto wa kiume, Azizi, akachungulia.

"Karibu, Mama," akasema Jacinter. Sauti ilikuwa ya mapokezi ya hotelini.

"Huyu ni nani?" akauliza Azizi.

"Ni bibi yako."

"Bibi ako Kakamega," akasema mtoto, na alisema bila ukorofi, kama mtu anayesahihisha jina la barabara.

Mwanarusi aliketi kwenye kiti cha karibu na mlango. Alimwambia mkwewe ukweli pale pale, kabla ya maji na kabla ya chai, kwa kuwa alijua akingoja hatasema. Alieleza foleni, na mwanamume aliyekuwa akiimba, na leso iliyofungwa kinyumenyume. Jacinter alisikiliza akiwa amesimama.

"Zile chapati nilianza kuzipika saa kumi na moja," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimeuliza watu, mama mkwe wa huku Pwani anapikiwa nini. Ulipoenda, nilizirudisha kwa sufuria, sikukula." Akajipangusa jicho kwa mgongo wa mkono, haraka. "Mama, ungeniambia. Mimi ni mwanamke. Nimezaa."

"Ningekuambia."

"Issa alikuwa anakutetea kwangu, na mimi namkasirikia. Halafu akachoka kukutetea."

Jacinter akapakua chakula. Walikula wali na sukumawiki. Azizi alikataa kupakatwa, lakini alimletea gari lake lisilo na gurudumu moja, akaliweka karibu na mguu wake, akaenda zake. Haja ilimjia Mwanarusi mara moja, aliketi, akakaza, ikapita, na Jacinter aliyekuwa akitazama bila kutazama akasema polepole, "Ufunguo wa choo uko hapa msumarini. Hii ploti mpya ni yetu na jirani mmoja tu." Walikuwa wamehama siku nyingi, na yeye alikuwa amejua siku hiyo tu, alipoelekezwa na majirani wa ploti ya zamani.

Issa alipiga simu jioni. Alikuwa na mengi ya kusema, akasema machache. "Pole, Mama," alirudia. Akaahidi kuja Ijumaa. Ijumaa hoteli ikajaa wageni, akaja wiki iliyofuata, akakaa saa mbili, akarudi kazini. Alikuja na Azizi, aliyewaogopa kuku.

Watafiti walipokamilisha kazi Warda alipita kuaga. Alieleza yaliyopatikana kwa jumla, wangapi walikuwa na kichocho ambao hawakujua, wangapi ni sukari, na kwamba wako waliopimwa kila kitu na sababu isionekane.

"Na hao mnawafanyaje?" akauliza Mwanarusi.

"Tunaendelea kutafuta."

"Yule Ummi wa Mkwiro?"

Warda akatabasamu kwa huzuni. "Siruhusiwi kukuambia ya mtu mwingine, Bi."

Mwanarusi alikaa na jibu hilo siku kadhaa. Kisha, asubuhi moja ya bahari shwari, alitia leso ya pili mkobani, akaenda Shimoni, akapanda boti ya abiria. Alikunywa maji kabla ya kutoka, nusu bilauri, kwa makusudi. Mkwiro aliuliza mara moja tu akaonyeshwa nyumba. Ummi alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga; aliinua uso, hakumjua.

"Mimi ni yule wa maiti," akasema Mwanarusi.

Ummi aliacha sufuria. "Umevuka?"

"Nimevuka."

"Umevuka kuja kwa nani?"

"Kwako."

Alikaribishwa pweza wa nazi na muhogo. Ummi alimwambia bila kuulizwa kwamba yeye ni katika wale wasiojulikana. Amepimwa, ameambiwa aende hospitali kubwa ng'ambo ya mkondo apimwe tena, na mazoezi amejaribu akayaacha. "Wewe umepona," akasema.

"Sijapona. Nimepunguziwa."

Walikaa kwenye baraza. Wote wawili waliinuka kwa zamu kwenda nyuma ya nyumba na kurudi, pasipo hata mmoja wao kutaja jiko. Kabla ya boti ya alasiri Mwanarusi alisema, "Siku ya kwenda hospitali kubwa niambie. Nitakungoja Shimoni, twende pamoja."

"Nitaona," akasema Ummi. Alitoa simu yake, wakaandikiana nambari.

Boti ilipofika katikati ya mkondo haja ilimjia Mwanarusi kwa nguvu. Alikaza, akavuta pumzi, akaingoja. Nyingi ikapita, kidogo ikamponyoka. Alijifunika kwa leso ya pili na kuendelea kutazama mbele, na hakuna aliyemtazama. Alipofika nyumbani alioga, akaswali, akapiga simu Mkwiro kusema amefika salama. Ummi alisema alhamdulillahi. Wakaulizana mvua, wakaulizana samaki, kisha wakakosa la kusema, na bado hakuna aliyekata simu.